Wanaume Sita Mbele ya Dohani

Katika miaka yote niliyokaa masijala, muhuri wa ofisi ulitoka nje ya mlango mara moja tu. Ulitoka ndani ya mkoba wangu, umeviringishwa kwenye leso, na aliyeutoa ni mimi. Ninyi mliobaki pale mmekuwa mkiulizana habari hiyo kwa kunong'ona, kila mtu na maelezo yake, na kuna hata anayesema niliruka dirishani. Sikuruka dirisha lolote, nina magoti mabovu. Sasa nimestaafu, basi niacheni niieleze mwenyewe tangu mwanzo. Habari za vyeo na mishahara nitazipita, maana hazikunifurahisha wakati ule na hazitawafurahisha ninyi leo.

Nilianza kazi Kisarawe, katika ofisi moja ya ardhi ambayo nikiitaja jina mtaanza kutafutana ubaya. Nilipanda kile kilima asubuhi nimevaa viatu vya kuazima, vinanibana, nikapelekwa kwa Mzee Pazi, mtunza masijala. Alikuwa Mzaramo mwembamba wa kofia ya viua, mwenye tabia ya kunusa kila jalada kabla hajalifungua. Alidai kwamba panya hunuka kabla hajaonekana. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha bila hata kuniuliza jina akanitia muhuri mkononi.

“Soma,” akasema.

Nikaugeuza nikatazama ile raba. “Siwezi, mzee. Herufi zimekaa kinyume.”

“Ehee. Kilichochongwa na kilichotoka kwenye karatasi havitazami upande mmoja. Ukilisahau hilo utakuja kuniaibisha.”

Nilidhani ananikataza kupiga muhuri kichwa chini. Nikaitikia ndiyo mzee, nikakaa chini, nikapewa pini ya kutoa uchafu kwenye herufi, maana ‘o’ na ‘a’ huziba wino mkavu zikawa madoa. Kazi hiyo ya pini niliifanya kila Ijumaa mpaka naondoka. Mkinikuta mahali mkaniuliza siri ya muhuri safi, ni pini na spiriti, hakuna dawa nyingine.

Mzee Pazi alikuwa na makatazo mawili. Muhuri hautoki mlangoni, hata nyumba ikiungua. Na jalada halionyeshwi mwenye madai; mwenye madai anajibiwa kwa barua. Niliyashika yote mawili kama dini. Nikuambieni mapema kwamba moja lilikuwa sahihi, na lile jingine ndilo lililoniponza.

Ile picha niliikuta mwaka wangu wa pili, tulipokuwa tukipanga upya majalada ya zamani. Ilikuwa ndani ya jalada la shamba la mkonge lililokufa zamani, upande wa Kibaha, karibu na Janga. Ilikuwa picha ya kuchapwa, ya enzi za Wajerumani, wino mweusi kwenye karatasi nene iliyogeuka rangi ya chai, upana wake kama wa sinia. Inaonyesha kiwanda cha mkonge, tulichokuwa tukikiita korona kabla ugonjwa haujachukua jina hilo. Katikati kuna dohani, lile bomba kubwa la matofali la kutolea moshi, na moshi wenyewe umetanda nusu ya mbingu. Kuna reli nyembamba za matoroli, kuna nyuzi zimeanikwa kwenye kamba safu kwa safu. Mbele kabisa, karibu na anayetazama, wanaume sita wameketi chini wamezunguka chakula. Na kushoto kwa dohani, nyuma kidogo, kuna vituta vya makaburi, na juu ya kila kituta kumewekwa bakuli.

Chini yake kulikuwa na mstari wa Kijerumani. Mzee Pazi aliunakili kwenye karatasi akampelekea mchungaji mmoja mstaafu wa Maneromango, ambaye alikisoma kidogo kutokana na vitabu vya misheni. Jibu lilirudi baada ya mvua kuisha na barabara kupitika: “Kiwanda cha mkonge, kama kinavyoonekana kutoka barabarani.” Tukaliandika kwa penseli nyuma ya picha, tukafunga jalada, likalala miaka na miaka. Mzee Pazi akastaafu, akafariki, nami nikahamishiwa Kibaha. Majalada ya upande ule yakahamishwa pamoja nami, na lile la korona likiwemo.

Sasa tufike kwenye kisa. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano kustaafu pale kampuni moja ilipoomba eneo la korona ijenge maghala. Kati ya vyote mnavyoviona kwenye picha, ardhini kilikuwa kimebaki kisiki cha dohani, kimo cha mtu, na ile barabara ya zamani. Vingine vyote vilishakuwa vichaka. Tangazo likabandikwa, na aliyejitokeza kupinga alikuwa mtu mmoja tu, Bi Sikujua.

Bi Sikujua ni mkulima wa mihogo pale Janga, mwanamke mfupi aliyenizidi umri kwa miaka ishirini na zaidi. Babu yake mzaa baba alikuwa mkata mkonge, akahamishiwa kwenye mashine, mashine ikamnasa. Walimzika palepale pamoja na wenzake wengine. Bi Sikujua alikuwa akipelekwa pale na bibi yake kila Shaabani, kabla ya mfungo, kufyeka majani na kusoma dua, mpaka shamba lilipokufa na vichaka vikafunga njia. Hakutaka fidia wala kiwanja. Alitaka babu yake asipitiwe na katapila.

Kamati ya ardhi ikaenda kutazama, nami nikaenda kuandika. Bi Sikujua alisimama barabarani, akaielekea dohani, akanyoosha mkono.

“Kule. Kulia kwa hicho kisiki.”

“Ushahidi gani, bibi?” mjumbe mmoja akauliza.

“Mie hapa.”

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya, lakini walicheka. Nikasema masijala huenda ikawa na kitu. Nilirudi ofisini nikaifungua ile picha mezani, nikaitazama nikijipongeza. Makaburi haya hapa, na kila moja na bakuli lake. Kutoka barabarani, kama maandishi yanavyosema. Upande wa kushoto. Nikaandika barua kwa mwandiko wangu bora, nikapiga muhuri safi usio na doa, mkuu wangu akasaini bila kuiona picha yenyewe. Makaburi yapo, tukasema, ila yako kushoto, na kushoto kutazungushiwa seng'enge kwa heshima. Kulia kuko wazi kwa ujenzi.

Nilimpelekea Bi Sikujua nakala mwenyewe, nikijiona mwema. Nikamsomea. Akasema kwamba si kushoto. Ndipo nikatamka maneno ambayo mpaka leo yakinijia nafumba macho.

“Bibi, ni umri tu. Mtu husahau.”

“Nimesahau mengi, mwanangu,” akanijibu. “Sijasahau nilikokuwa nakaa nikilia.”

Mnaona? Hata hapo sikushtuka. Nilimwonea huruma, nikaondoka. Wiki zilizofuata tukazungushia seng'enge majani matupu upande wa kushoto, na kibao tukaweka.

Bi Sikujua akafika ofisini Jumanne moja, saa tatu asubuhi, anahema. Kanga imechafuka vumbi hadi kiunoni. Alikuwa amedandia lori la mkaa mpaka Mlandizi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Katapila limeshushwa. Wameanza kufyeka kulia. Nipe hiyo picha niione.”

“Bibi, haiwezekani. Taratibu haziruhusu.”

“Mmemhukumu babu yangu kwa picha ambayo mie mjukuu wake sijaiona. Nionyeshe, nikaridhike, nikae kimya.”

Nilimtazama yule mwanamke. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisimama tu mbele ya dirisha la masijala ameshika nondo zake kwa mikono miwili, na nyuma yake watu wa foleni wameanza kuguna. Sijui ni nini kilinishika. Nilimfungulia mlango, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamwekea jalada mbele. Ndiyo, nilivunja katazo la Mzee Pazi, na ningelivunja mapema zaidi kama ningekuwa na akili.

Akaisogeza picha mbali kidogo, kama wafanyavyo wazee. Hakutazama makaburi hata kidogo. Alitazama watu.

“Hawa wanakula nini?”

“Ugali, nadhani.”

Kisha akaweka kidole juu ya mmoja, akakihamishia kwa mwingine, na mwingine, mpaka wa sita.

“Mbona wote wanakula kwa mkono wa kushoto?”

Nikainama. Wanaume sita, Waislamu wa kanzu na kofia, na wote mkono wa kulia umelala gotini na wa kushoto uko ndani ya chakula. Mimi niliyechapwa na mama yangu kwa mwiko kila nilipoupeleka mkono huo kwenye sahani! Miaka yote ile nimeipangusa vumbi picha hiyo, nimeona wanakula, na sikuuona mkono.

“Mashoto mmoja nitakubali,” akasema Bi Sikujua. “Wawili, haya. Sita?”

Kwenye meza yangu, pembeni ya mkono wangu, muhuri ulikuwa umelala ubavu. Raba ilinielekea, na zile herufi zote kinyume, kama siku ya kwanza. Kilichochongwa na kilichotoka kwenye karatasi havitazami upande mmoja. Mchoraji alikaa barabarani, akachonga alichokiona juu ya bamba la kuchapia, kulia kukiwa kulia. Bamba likatiwa wino, likabanwa kwenye karatasi, na dunia nzima ikageuka. Maandishi ya chini yalisomeka vizuri kwa sababu hayo aliyachonga kinyume makusudi, ili yatoke sawa. Mandhari hakujisumbua nayo, kwani nani kule kwao angejua? Baadaye mwalimu mmoja wa sanaa alinithibitishia kwamba wachongaji wengi walifanya hivyo. Lakini asubuhi ile sikuhitaji mwalimu. Makaburi yalikuwa kulia, na nilikuwa nimeyapeleka kushoto kwa barua yangu.

“Bibi,” nikasema, “mimi nimekosea.”

“Najua. Twende.”

Nikapiga simu ya msimamizi wa ujenzi, iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, nikaambiwa haipatikani. Nikapanda ngazi mbili mbili na magoti yangu haya mpaka kwa mkuu, nikamkuta anajiandaa kwenda kikaoni. Nikamweleza kwa pupa, mikono, bamba, muhuri, raba. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepata malaria ya kichwani.

“Bi Hadija, kwa hiyo unataka ofisi ipinge barua ya ofisi kwa sababu ya watu wanaokula?”

“Kwa sababu makaburi yako kulia, Mkuu. Leo hii linapitishwa katapila.”

“Andika rasimu. Kesho nitaisoma.”

“Kesho patakuwa uwanja.”

Akavaa koti. “Umebakiza miezi miwili, mama yangu. Ondoka salama.” Na yeye akaondoka, salama kabisa.

Nilirudi masijala. Nilichukua karatasi mbili zenye kichwa cha barua, kalamu, na pedi ya wino. Kisha nikasimama mbele ya muhuri. Nawaambia kweli, kuutia ule muhuri mkobani niliogopa kuliko nilivyoogopa kujifungua. Ni kosa la kufukuzwa, na ni haki liwe kosa la kufukuzwa. Muhuri ukizurura, hakuna shamba la mtu litakalokuwa salama. Nikauviringisha kwenye leso nikatoka nikiwa sitazamani na mtu.

Tulipanda bodaboda moja, mimi katikati, Bi Sikujua nyuma yangu amenikumbatia kiuno. Mpaka Mlandizi lami ilitubeba vizuri. Tulipoingia barabara ya Janga tukakuta mchanga na mashimo, dereva anapunguza, na mimi nampigia kelele aongeze. Nyuma yangu nilimsikia Bi Sikujua anasoma Yasini kwa sauti ya chini, akifika kwenye shimo anakata, tukivuka anaendelea. Kilomita ya mwisho tulianza kusikia injini kabla ya kuona kitu.

Katapila lilikuwa limeshafanya njia mbili kulia kwa dohani. Udongo mwekundu uko wazi, vichaka vimesukumwa pembeni. Lilikuwa linarudi nyuma ili lianze njia ya tatu. Bi Sikujua alishuka kabla pikipiki haijasimama, akaenda moja kwa moja, mfupi vile, akasimama mbele ya lile koleo la chuma. Dereva wa katapila akakanyaga breki, akachungulia nje amekasirika.

“We bibi, unataka kufa? Toka hapo!”

“Zima!” nikamfokea. “Zima mashine, kuna makaburi!”

“Makaburi yako kule, maza, kwenye seng'enge. Mimi nimeonyeshwa barua. Ina muhuri.”

“Barua hiyo niliiandika mimi. Nimekosea.”

“Basi leta nyingine. Bosi akinikuta nimepaki bila karatasi, kibarua kimeota nyasi.”

Alikuwa na haki. Nikaweka karatasi juu ya mnyororo wa katapila, chuma kinachoma, nikaandika nimesimama: kazi isimame upande wa kulia, makaburi yapo, barua ya awali ina kosa, kosa ni la mwandishi wake, jina langu, cheo changu. Nikaukunjua muhuri. Nikaushika kwa mikono miwili. Nikabonyeza, na ulitoka safi, herufi zote zinasomeka.

Dereva hakusoma maneno. Alitazama muhuri tu, akaulinganisha na ule wa barua yake mfukoni, akazima injini. Nililolifanya kwa kosa na nililolifanya kwa haki, yote aliyakubali kwa alama ileile. Nyinyi mnaoushika sasa lifikirieni hilo kabla ya kubonyeza.

Palikuwa kimya ghafla. Bi Sikujua alikuwa ameshainama kwenye ukingo wa njia ya pili, pale koleo lilipoishia, anafukua kwa vidole. Akatoa kitu, akakipangusa kwa kanga. Kilikuwa bakuli la kauri, jeupe, nusu yake, lina mchoro wa bluu. Katikati ya kitako kulikuwa na tundu la duara, limetobolewa kwa makusudi. Ndivyo walivyofanya wazee wetu: bakuli la marehemu lilitobolewa likawekwa juu ya kaburi lake, asije mtu akalichukua kulia chakula. Nusu nyingine aliikuta hatua nne mbele, kwenye alama za mnyororo.

“Hili limepitiwa,” akasema.

Kaburi moja. Labda mawili. Mimi sikujua kama lilikuwa la babu yake, yeye pia hakujua, na hatutajua. Nilikaa chini kwenye udongo ule nikalia mbele ya dereva wa katapila na dereva wa bodaboda, mtumishi mzima na mkoba wangu. Nilimwomba msamaha Bi Sikujua. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alinipa nusu ya bakuli nimshikie ili yeye apate kufunga kanga.

Jioni ileile nilimpelekea mkuu muhuri mkononi na maelezo ya maandishi. Nilipata barua ya onyo kali, nayo iko kwenye jalada langu binafsi, na mnaruhusiwa kuisoma. Kamati ilirudi, ikapima, seng'enge ikahamishwa. Walihesabu vituta kumi na kimoja chini ya vichaka, vyote kulia. Maghala yamejengwa kushoto, na nasikia yanavuja.

Wiki yangu ya mwisho kazini Bi Sikujua alikuja, safari hii kwa nguo safi na mihogo kwenye kikapu. Akasema anataka kuiona tena ile picha. Nikamfungulia mlango. Nilikuwa nimekwisha nunua kioo kidogo cha kujitazamia, vile vya kina mama wauza vipodozi. Nikakisimamisha pembeni ya picha, nikamwambia asitazame karatasi, atazame kioo.

Dohani ilikuwa palepale katikati. Makaburi yakahamia kulia na mabakuli yake mazima. Akayatazama. Kisha akashusha macho mpaka kwa wale sita walioketi mbele, sasa mkono wa kulia ndio uliomo ndani ya chakula, akanishika mkono ili nisikitikise kioo.

Kioo hicho kimo ndani ya jalada, nimekifunga kwa uzi mweupe kwenye pembe. Yeyote atakayefungua asikitoe. Na akija mwenye madai mkaona anastahili kuona, mkalisheni kitini kwanza, kama nilivyomkalisha Bi Sikujua, aliyeutoa mkono wake kwenye wangu taratibu akajifuta macho kwa pindo la kanga.

“Haya,” akasema. “Sasa wanakula.”